Fundi Ishaq na Gari la Mfaransa Asiyerudi

Saa moja asubuhi, Matrah, bandari iliyo jirani na Maskati. Jua limeshauvuka mlima ulio nyuma ya soko, na banda la makuti la Ishaq bin Thani limeanza kupata moto. Mwenyewe amelala chali chini ya gari, miguu iko nje, kanzu ameikunja na kuifunga kiunoni. Anakaza nati ambayo haijalegea. Anajua haijalegea, na anaikaza.

Anatoka, anafuta mikono, anazunguka mpaka upande wa dereva na kusimama mbele ya mlango kama mgeni aliyefika mapema. Anakohoa kidogo. Ndipo anaufungua.

“Usinicheke,” anamwambia mwandishi. “Wiki ya pili leo naambiwa gari hii yangu. Masikio yamesikia. Mkono bado haujaambiwa.”

Ishaq ana miaka thelathini na tisa. Ni fundi wa magari, mzaliwa wa Malindi, Unguja, na hapa Matrah kila mwenye lori anamjua. Mchana kutwa yuko gereji ya mfanyabiashara mmoja anayeleta mchele na saruji. Mshahara wake ulikuwa rupia mia na themanini kwa mwezi, mpaka fedha zilipobadilishwa mwaka huu wa 1970. Sasa analipwa kwa riali, na yeye na mkewe bado wanabishana kama ameongezewa au amepunguziwa.

Maskati nzima imekuwa hivyo tangu utawala mpya uingie mwezi wa saba. Lango la mji lililokuwa likifungwa usiku sasa liko wazi. Watu wanarudi kutoka Kuwaiti, Kairo na Bujumbura, na ofisi zinazaliwa kila wiki. Ukiulizwa njia unajibu, na huku moyoni una wasiwasi kama njia yenyewe bado ipo pale ulipoiacha jana.

Lakini kilichomchanganya Ishaq ni kikubwa kuliko riali na ofisi. Kina magurudumu manne.

Gari lenyewe ni la rangi ya mchanga, pua bapa, mbavu za chuma, wala halina pembe hata moja ya kupendeza. Ni gari la jeshi la kupita pasipo na barabara. Lilitengenezwa na kiwanda kidogo cha ukoo wa Vergnol, milimani katikati ya Ufaransa, na lilishushwa bandarini hapa mwaka 1967 pamoja na wakala wa kiwanda hicho, bwana mmoja mrefu aliyeitwa Lusien.

Lusien alikuja kuwaonyesha maofisa wa jeshi gari lake. Alihitaji fundi, na tajiri wa Ishaq akamwazima Ishaq. Wiki kadhaa walikuwa pamoja: asubuhi kwenye mchanga wa Hail, jioni kwenye mawe ya mabonde makavu yanayokwenda Qurayyat, mji wa wavuvi.

“Gari ilikuwa inapanda, wallahi,” anasema Ishaq. “Pahala punda anasimama anafikiri, yenyewe inapita. Mie nlikuwa nafumba macho.”

Kilichomshangaza ni kile alichokikuta chini ya boneti. Injini ilikuwa ya trekta. Gia zilikuwa na maandishi ya Kimarekani. Taa zilitoka kwa mtu mwingine, springi kwa mwingine, na kila kipuri kilikuwa na jina la kiwanda chake. Jina la Vergnol lilikuwa kwenye kibati kimoja tu, karibu na usukani.

“Nkamuuliza, Bwana Lusien, nyie hasa mnatengeneza nini? Akacheka. Akanambia, sie tunatengeneza mwendo.”

Habari za kiwanda nazo zilikuwa kila siku na sura yake. Siku moja Lusien alisema wafanyakazi ni mia moja, siku ya pili akasema ni kumi na wanane. Mara mwanzilishi alikuwa mfua chuma wa kijijini, mara alikuwa mtu mkubwa anayekunywa kahawa na majenerali. Ishaq aliona mojawapo ni uongo ila hakujua ni ipi. Ofisa mmoja wa jeshi alimwambia kwamba hicho si kiwanda, ni banda.

Majaribio yakaisha vizuri. Maofisa wakampa Lusien mkono, wakasema watafikiri. Lusien akangoja wafikiri. Alipochoka kungoja alifunga sanduku lake, akaja mpaka nyumbani kwa Ishaq, akamwekea funguo kiganjani kwa mikono yake miwili na kumwambia, “Ikae kwako mpaka nirudi.” Kibali cha kuliendesha alikiacha humo humo ndani.

Walizungumza Kiarabu. Lusien alikiokota Aljeria akiwa askari, Ishaq alikiokota chuo cha Kurani Unguja, na baina yao yalipotea mengi. Lakini maneno hayo hayakupotea. Mpaka leo hakuna upande unaobisha kwamba ndivyo yalivyosemwa na ndivyo yalivyosikika.

Kwa Ishaq, maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: amana. Na kitu cha amana hakitumiwi. Kinatunzwa, kinafutwa vumbi, kinarudishwa kwa mwenyewe kama kilivyokuja.

Hakuishia kwenye mawazo yake peke yake. Alikwenda kwa sheikh wa msikiti wao. Sheikh akamuuliza, “Alikwambia uitumie?” Akajibu kwamba hakumwambia aitumie wala asiitumie. “Basi usiitumie,” sheikh akasema, na likaisha.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili Ishaq hulisema kwa sauti ya chini. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, yeye, mkewe na wazee wake waliondoka Unguja na nguo za mwilini. Zana zote za gereji ya baba yake walimwachia jirani, Bi Muhsina. Hawajui zilifika wapi.

“Kila nkiitazama gari hii nawaza, na huko kuna mtu anatazama vitu vyetu. Nkajipa akili ya kitoto: nsipoigusa hii, na vile havitaguswa.” Anatikisa kichwa. “Mtu mzima mie, na ndevu zangu.”

Basi gari likaingia bandani, likapandishwa juu ya mawe ili matairi yasibonyee, likafunikwa shuka. Kila Ijumaa baada ya sala Ishaq aliliwasha, akaliacha lingurume kidogo, akalizima. Hakulitoa hata hatua moja. Tajiri wake aliliomba kwa siku mbili, akamnyima. Bwana harusi mmoja aliliomba, akamnyima na kumpa baiskeli.

Sifa zikaenea Matrah kwamba kuna mtu kaachiwa gari zima na hajalipanda. Na sifa za namna hiyo zina matokeo yake: watu walianza kumletea vitu. Mmoja alileta bunduki ya babu yake. Mwingine saa ya ukutani. Mjane mmoja alileta mapipa ya samli akasafiri hija, na nyumba ikanuka samli mpaka aliporudi. Ishaq hakumkatalia mtu.

Mkewe, Mahbuba, alikuwa akicheka mwanzoni. Yeye ni mshoni wa nguo za kike, mwanamke wa maneno machache makali, na gari lile alilibandika jina: mke mwenza. “Mke mwenzangu kaoga leo?” alikuwa akiuliza Ijumaa Ishaq akirudi bandani na ndoo. Majirani walikuja kwa makusudi kumsikia.

Mwaka jana aliacha kulitaja kwa jina lolote.

Mama yake Mahbuba, Bi Nasriya, alikuwa akiishi Qurayyat kwa ndugu zake. Hana gari mtu wa kule isipokuwa wachukuzi wa samaki, na njia ni mawe na maji ya mvua. Siku moja, wakati wa adhuhuri, mchukuzi mmoja alifika na ujumbe: mama hali yake si nzuri, na anamtaja Mahbuba. Mchukuzi huyo alikuwa anaendelea na safari yake kwenda Sib, upande wa pili. Malori ya tajiri yote yalikuwa yamekwenda bara.

“Mie sikumwambia neno,” anasema Mahbuba. Ameketi kwenye kizingiti cha nyumba, anakunja kitambaa ambacho kimeshakunjwa. “Nlivaa buibui langu, nkafunga nguo zangu, nkasimama mlangoni. Yeye mwenyewe ana macho. Banda lile pale.”

Ishaq alikwenda bandani. Anasimulia bila kumtazama mtu. “Nliondoa shuka. Nliingia. Nlitia ufunguo. Nkakaa. Halafu nkashuka. Nkakimbia sokoni kutafuta usafiri kama mwendawazimu.”

Usafiri alioupata uliondoka kesho yake asubuhi. Walipofika Qurayyat, Bi Nasriya alikuwa ameshazikwa, na mchanga wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Ishaq anaijua njia ile kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliipita na Lusien. Anasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kwa gari hili wangefika kabla ya magharibi, na mama alikuwa hai mpaka isha.

Kaka zake Mahbuba walimpa mkono wa pole na hawakumwangalia usoni. Mahbuba hakugombana naye wala hakurudi kwao. Alipika, alishona, alilala. Ishaq alijiambia kwamba alilofanya ni haki, na haki ina maumivu yake. Kwa hilo alijishikilia.

Wiki mbili zilizopita, hata hilo lilimponyoka.

Alikuja mama mmoja wa Kifaransa, wa makamo, amevaa suruali na kofia ya ukili. Jina lake Odile Vergnol. Ni binti wa mwenye kiwanda, na alikuja kutazama gari la baba yake limefikia wapi. Alifuatana na Mahfoudh, kijana wa Kiomani aliyekulia Bujumbura na kurudi mwezi uliopita, ambaye Kiswahili na Kifaransa vyote ni vya nyumbani kwake. Kwa mara ya kwanza Ishaq aliweza kusema na Mfaransa bila kuchechemea.

Akampeleka bandani kwa heshima zote. Akaondoa shuka. Anakiri kwamba alikuwa na furaha kama ya bwana harusi, maana siku ya kurudisha amana ndiyo hii.

Bi Odile alilizunguka gari. Akafungua boneti, akapitisha kidole juu ya injini, akakitazama kidole. Akasema kitu.

“Anauliza limeharibika lini,” Mahfoudh akatafsiri.

“Halijaharibika. Ni zima kabisa.”

“Anauliza basi kwa nini halijaendeshwa.”

Ishaq akaeleza. Akaeleza amana, sheikh, mawe, shuka, Ijumaa. Mahfoudh akatafsiri yote, na anasema haikumpa tabu hata kidogo. Bi Odile alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alicheka, akaketi kwenye ngazi ya gari, na kicheko kikageuka kilio.

Hapo ndipo Ishaq alipoijua historia ya kiwanda kile, baada ya miaka mitatu ya kuikisia.

Mzee Vergnol alikuwa kweli mfua chuma wa kijijini. Vita vikuu vilipokwisha, Wamarekani waliacha jeep mbovu zimezagaa mabondeni. Alizikokota moja moja, akazitia injini za trekta, akawauzia wakulima wanaoshusha maziwa kwenye theluji na wakata magogo. Jeshi la Ufaransa liliziona, likaagiza chache kwa ajili ya milimani. Ndipo akaanza kutengeneza gari lake mwenyewe, ila vipuri aliendelea kuvinunua popote vilipopatikana. Mwaka wa neema alikuwa na watu mia moja, mwaka wa dhiki kumi na wanane. Lusien hakudanganya. Alikuwa anachanganya miaka.

Kisha kiwanda kikubwa kikachukua kazi ya jeshi, na mzee akaweka tamaa yake yote kwenye nchi za joto. Alitengeneza magari matatu, akayapeleka nchi tatu. Na alikuwa na njia yake ya kuuza. Zamani, kijijini kwao, gari lake la kwanza hakumpelekea mkubwa yeyote. Alimpa mchuuza maziwa alitumie. Mchuuzi alipanda nalo kila mlima, akabeba wagonjwa, akapeleka watu mazishini, mpaka kila nyumba ikauliza limetoka wapi.

Kwa hiyo alimwagiza Lusien: maofisa wakisema watafikiri, mtafute fundi anayependwa na watu, mpe funguo, ondoka. Atakapolizungusha nchi nzima, maofisa watafikiri upesi.

Lusien alimtafuta fundi anayependwa na watu. Alimpa funguo. Hakumweleza zaidi, kwa sababu kwao ukimpa mtu funguo za gari umeshamweleza. Baadaye alipata kazi kwa watu wa pampu za maji, na Maskati ikamtoka akilini.

“Baba alikuwa anauliza kila siku, Maskati wanasemaje?” Mahfoudh alitafsiri. “Mpaka anakufa alikuwa anauliza. Tukamwambia hatujasikia kitu.” Kiwanda kilifungwa mwaka jana.

Ishaq alimuuliza Bi Odile kama ni yeye aliyekiua kiwanda. Bi Odile akasema hapana, gari moja lisingekiokoa. Baada ya kitambo akasema labda lingekiokoa. Halafu akasema hajui.

“Na mimi siku ile nlitaka mtu mmoja tu anayejua,” anasema Ishaq.

Kabla ya kuondoka, mama yule alimfungia Ishaq vidole juu ya funguo. “Mwambie halikuwa amana,” alimwambia Mahfoudh. “Lilikuwa lake la kutumia tangu siku ile.”

Mahbuba alikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa. Kahawa haikufika. Kilichofika ni mlio wa sinia likiwekwa chini, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Asubuhi yake Ishaq alirudi kwa sheikh yule yule. Sheikh alisikiliza, akafikiri, akasema, “Ulitunza kwa ulilolijua. Huna dhambi.” Ishaq alishukuru akatoka. Njiani aligundua kwamba hakwenda kuuliza habari ya dhambi.

“Nlipokuwa na haki nliweza kumtazama mke wangu,” anasema. “Nlikuwa najiambia, kaumia lakini mie nliogopa Mungu. Sasa naambiwa ruhusa ilikuwepo, iko mkononi mwangu, naitia mfukoni kila siku. Basi mama yake Mahbuba kamkosa mwanawe kwa sababu gani? Hebu nambie weye unayeandika.”

Mwandishi amesikia visa vingi vya watu waliokula amana za wenzao, na hukumu yake huwa tayari kabla hawajamaliza kusema. Kisa cha mtu aliyeumiza watu kwa kuacha kula kilimvuruga kichwa, na bado kimemvuruga.

Mahbuba naye hana hukumu moja. “Nkimtazama akifuta lile gari nataka kulia kwa hasira,” anasema. “Halafu nakumbuka watu wote wanaomwachia vitu vyao. Hawamwachii mjinga. Wanamwachia yeye kwa sababu ndivyo alivyo. Na mie kwa hilo hilo nlikubali anioe.” Anakitazama kitambaa. “Nnamhurumia. Na hasira nnayo. Vyote viwili vimekaa, hakuna kinachotaka kuondoka.”

Maombi yameshaanza kumiminika. Ofisi moja mpya inataka kulikodi gari kwa ajili ya daktari wa kwenda vijijini. Tajiri anataka kulinunua. Ishaq amewaambia wote wasubiri. Kuna safari moja lazima itangulie, na alimwomba Mahbuba ruhusa ya safari hiyo mara kadhaa bila kujibiwa.

Juzi alijibiwa. Wanakwenda Qurayyat Alhamisi. Ishaq atakaa na kaka zake Mahbuba, atawaeleza yote, pamoja na ruhusa iliyokuwepo. Wakimfukuza, atangoja nje. Wakimsamehe, anataka gari libaki kule kule Qurayyat na dereva wa kule, kwa ajili ya wagonjwa wa kushushwa Matrah. Yeye atakuwa akienda kulitengeneza kila mwezi, bila malipo.

Leo anakagua breki, anajaza maji, anakaza zilizokazwa. Mwandishi anamuuliza kama Mahbuba atakaa mbele, apate kuiona njia.

Ishaq anaacha spana.

“Nlimwambia hivyo hivyo. Nkamwambia, kaa mbele, pana nafasi, hapatikisiki sana. Akanambia yeye atakaa nyuma kwenye bao la kukalia. Mbele nsimpakie mtu yeyote, kwenda wala kurudi, kama tutarudi nayo.” Anakitazama kiti cha turubali kilicho kando ya dereva, ambacho hakijakaliwa na mtu tangu Mfaransa aondoke. “Akasema, pale pa mama.”

Anaendelea kukitazama. Anasema hajui kama mkewe amemsamehe au amempa adhabu, na hakuthubutu kuuliza. Kisha anachukua kitambaa na kukifuta kiti, taratibu, mpaka kwenye mishono.